Taa ya taimingi inayorudi: chomoa kijiti cha oili kabla ya kununua kipuri

Mama yule alishuka garini na mfuko mweusi wa plastiki, akaumimina juu ya meza yangu ya kazi. Zikatoka sensa ya kamshafti, valvu ya oili ya VVT (mfumo wa kubadilisha taimingi) na plagi nne ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingine. Akasema: "Fundi, vyote hivi nimebadilisha. Taa ya injini inazimika wiki mbili, tatu, kisha iko inarudi. Sasa wananiambia moteri imekwisha, nitafute ingine."

"Imerudi mara ngapi, mama?"

"Hii ni ya ine."

Gari lake ni Toyota Premio ya 2003, injini 1ZZ-FE ya lita 1.8, usukani kulia kama magari mengi tunayoyapokea hapa Goma. Karatasi aliyopewa kwenye karakana ya kwanza ilikuwa na kosa moja tu, P1349: mfumo wa kubadilisha taimingi, yaani wakati wa valvu za injini kufunguka na kufunga, haufuati amri. Sikushika skana, kile kifaa cha kusomea makosa ya kompyuta, wala spana. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, ile joji, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Ncha ilitoka na tone moja jeusi, chini kabisa ya alama ya L, ya kiwango cha chini. Injini ilimeza karibu lita mbili hadi kukaribia alama ya F, ya kujaa. Injini ile inabeba lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo mama alikuwa akizunguka mjini na nusu tu ya oili yake.

Nikamuuliza kama kila mara walipobadilisha kipuri walifanya na vidanje, yaani kubadilisha oili. Akafikiri kidogo. Ndiyo, walikuwa wakimwaga oili na kuweka mpya, "kwa sababu gari iko tayari juu ya fosi," lile shimo la karakana. Basi mambo yalikuwa hivyo. Oili mpya ndiyo iliyozima taa, sifa ikapewa kipuri. Baada ya wiki chache oili ilikuwa imepungua tena, taa ikawaka, na kipuri kingine kikanunuliwa.

Nafanya kazi hii tangu 1998. Bwana aliyenifundisha alikuwa na karakana upande wa Birere, na Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita juu yake. Tulitoka na masanduku mawili ya spana na jeki moja. Siku zile magari mengi yaliyokuja kwetu yalikuwa ya mkanda na distributa, taimingi unaipanga mwenyewe kwa mkono na kwa sikio. Haya ya leo, hata yakiwa na miaka 20 na zaidi, taimingi yake inaamriwa na kompyuta na kutekelezwa na oili. Asiyelielewa hilo atanunua vipuri hadi pesa ziishe.

Elewa kwanza nani anamwamuru nani

Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazungusha kwa cheni kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Gia iliyo kwenye ncha ya kamshafti ya upande wa kuingiza hewa si pande moja la chuma. Ndani yake kuna vyumba vidogo vya oili. Oili ikisukumwa upande mmoja, kamshafti inatangulia kidogo. Ikisukumwa upande wa pili, inachelewa. Mlinzi wa njia hiyo ni valvu ndogo ya umeme, mafundi wa hapa tunaiita elektrovani. Kompyuta inasoma sensa mbili, ya kranki na ya kamshafti, inalinganisha digrii ilizoagiza na digrii ilizopata. Zikipishana kupita kiasi, taa ya injini inawaka.

Kwa hiyo kompyuta haikwambii kwamba valvu imekufa. Inakwambia iliagiza na haikutiiwa. Aliyekataa amri anaweza kuwa valvu, au waya wake, au kichujio kilichoziba, au oili chafu, au oili ambayo haipo kabisa, au cheni iliyorefuka. Fuata mpangilio wa bei: anza na visivyogharimu kitu, malizia na vinavyodai injini ifunguliwe.

Andika kabla ya kufuta

Taa inayorudi ina faida moja ambayo taa ya mara moja haina: inakupa mazoea yake. Nunua daftari la shule, liweke kwenye kabati la gari. Kila taa inapowaka andika tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, injini ilikuwa baridi au moto, ulikuwa unapanda, unashuka au umesimama, na kilomita ngapi zimepita tangu vidanje. Kisha zima gari, subiri dakika 5, pima oili kwenye uwanja tambarare, na hilo nalo liandike. Kwenye barabara zetu za mawe ni rahisi kusimama gari likiwa limeinama, na hapo kijiti kinasema uongo.

Daftari la mama huyu lilikuwa na mistari mitano tu nilipolisoma, lakini ilitosha. Nitalirudia mwishoni.

Usikubali mtu afute kosa kwa kuchomoa bateri kabla halijaandikwa. Ukifuta bila kuandika umetupa ushahidi wa pekee uliokuwa nao, na pia umefuta mambo ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza kuhusu ralanti (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), gari linaweza kutetemeka siku kadhaa ukadhani ni ugonjwa mpya.

Oili: iwepo, iwe safi, iwe nyepesi inavyotakiwa

Kipimo hiki ni cha bure, na ndicho kinachorukwa. Kijiti kikionyesha chini ya L, ongeza hadi F, futa kosa, tembea. Usibadilishe kitu kingine chochote siku hiyo. Narudia hili kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea: ukifanya mambo matatu kwa siku moja, hutajua lipi lilitibu.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na ukigeuze. Rangi ya kahawia ni ya kawaida. Ukikuta tope jeusi zito, kama grisi iliyochanganyika na vumbi la makaa, jua kwamba tope hilo hilo liko kwenye njia nyembamba zinazopeleka oili kwenye gia ya kamshafti. Hapo vidanje moja haitoshi. Mimi huweka oili mpya na filta mpya, gari linatembea kilomita 500, naimwaga, naweka nyingine, tena kilomita 1,000. Sipendi dawa za kusafisha kwa haraka kwenye injini ya miaka 20: zinang'oa tope lote kwa mkupuo, nalo linakwenda kukaa kwenye kichujio cha pampu, na tatizo la taa linageuka tatizo la injini.

Uzito wa oili nao una neno lake. Injini hizi zilitengenezewa oili nyepesi, 5W-30 kwa mfano. Hapa kwetu watu wanapenda 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito inalinda injini iliyochoka. Inapunguza sauti, ni kweli, na inapunguza kidogo kuungua. Lakini asubuhi za Goma zina ubaridi, na oili nzito inachelewa kufika kwenye vyumba vile vidogo. Kama daftari linaonyesha kwamba taa inawaka asubuhi, injini bado baridi, na baada ya hapo siku nzima gari linakwenda vizuri, anza na swali hili: niliweka oili gani? Na ununue chupa ambayo muhuri wa kizibo chake ni mzima. Oili iliyotumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye chupa nzuri, nimeiona kwa macho yangu: ukiitia tone kwenye karatasi nyeupe inaacha duara jeusi katikati ingawa hujaitumia hata kilomita moja.

Soma kosa, hata bila skana

Skana ndogo ya bluetooth inayoungana na simu mara nyingi inashindwa kuzungumza na magari ya soko la Japani ya miaka ile, ingawa tundu la kuchomekea skana ni lile lile la miguu (pini) 16. Usikimbilie kusema kompyuta ya gari imeungua. Toyota nyingi za wakati huo zinakubali njia ya zamani, ya kuhesabu mimuliko.

Zima swichi. Litafute tundu chini ya dashibodi upande wa dereva. Liangalie upande wake mpana ukiwa juu: mstari wa juu unahesabika 1 hadi 8 kutoka kushoto, mstari wa chini 9 hadi 16. Chukua kipande cha waya mwembamba, unganisha tundu la 4 na la 13, yaani la nne juu na la tano chini. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Tundu la 16, la mwisho chini, lina umeme wa bateri muda wote. Ukilikosea utaunguza fyuzi, au zaidi ya fyuzi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa kadhaa za dashibodi zitaanza kumulika, wewe ihesabu ile ya injini. Ikimulika haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimulika mara 5, ikapumzika, kisha mara 9, hiyo ni 59: taimingi inayobadilika haifuati amri. Ukipata 39, tatizo liko kwenye umeme wa valvu yenyewe, nenda moja kwa moja kwenye soketi na waya.

Mwenye skana inayokubali ataona namba ndefu. P1349 ni ya Toyota za zamani kidogo. P0011 inasema kamshafti imetangulia kupita kiasi, P0012 inasema imechelewa. Hizo zote zinakupa muda wa kupima kwa utulivu. Lakini ukiona P0016, au P1346 kwenye Toyota za miaka ile, maana yake kranki na kamshafti hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, na cheni huenda imeruka jino. Hapo oili ikiwa ipo na bado injini inatetemeka au inagonga, usilitembeze gari. Kwenye 1ZZ-FE cheni ikiruka meno ya kutosha, valvu za injini (si ile ya oili) zinakutana na pistoni.

Jaribio la valvu, hatua kwa hatua

Oili iko sawa na taa bado inarudi? Sasa ndipo tunaigusa elektrovani, na kuigusa si kuinunua.

Iko kwenye silinda hedi, karibu na upande wa cheni, kijisilinda cheusi chenye soketi ya waya mbili, imeshikwa na boliti moja ya spana ya 10. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa soketi, weka mita ya umeme kwenye omu, gusa miguu miwili ya valvu. Kwa injini hizi inatakiwa isome kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye joto la digrii 20. Ikisoma hakuna kitu kabisa, waya wa ndani umekatika, hiyo valvu kweli imekufa. Ikisoma vizuri, bado hujamaliza, kwa sababu inaweza kuwa na umeme mzuri na kukwama kwa uchafu.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, na vijana wangu wote nimewafundisha. Washa injini, iache ipate moto, ikae kwenye ralanti. Soketi iwe imechomolewa. Andaa waya mbili ndefu kutoka bateri, wa chanya uwe na fyuzi ndogo. Waya mmoja shikilia kwenye mguu wa valvu, na wa pili gusisha kwa sekunde mbili, tatu. Sikiliza. Injini iliyo sawa inabadilika hapo hapo: inatetemeka, inazama, pengine inazimika. Umeilazimisha kamshafti kutangulia wakati wa ralanti, na injini haipendi. Ukitoa waya inarudi kutulia. Ukipata jibu hilo, valvu inasogea, oili inapita, gia inageuka. Vitu vitatu vimejibu kwa mguso mmoja, na aliyetaka kukuuzia valvu ameshapata jibu lake.

Kama injini haikubadilika hata kidogo, kuna kitu kimeziba au kimekwama. Zima, iache ipoe, fungua boliti, ivute valvu huku ukiizungusha polepole. Pembeni tayarisha kitambaa, oili itadondoka. Itazame kwenye mwanga: ni kijiti chenye madirisha madogo ya pembeni, na ndani yake kuna pistoni nyembamba. Iguse kwa umeme wa bateri kwa muda mfupi uone kama pistoni inaruka na kurudi. Ikisita, ioshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, igonge kwa umeme mara kadhaa, ioshe tena. Nyingi ninazoletewa kama zimekufa zinafufuka hapo.

Halafu kuna kichujio. Toyota nyingi za aina hii zina kichujio kidogo cha waya mwembamba kwenye njia ya oili inayokwenda kwa valvu, kimefichwa nyuma ya boliti yake kwenye silinda hedi. Si kikubwa kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Nimeshafungua gari lililobadilishwa valvu mara mbili na kichujio hicho hakijawahi kuguswa tangu kiwandani. Nilipokishikilia kuelekea mlangoni sikuona mwanga ukipita. Kioshe kwa petroli, kipulize kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, kirudishe pamoja na washa (pete ya kuzibia) mpya, maana ya zamani itavuja. Pete ya mpira ya valvu nayo ibadilishwe, na uipake oili kabla ya kuirudisha.

Jaribio hili likimalizika kompyuta itakuwa imehifadhi kosa la soketi kuchomolewa. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja au mbili, irudishe.

Waya na sensa

Hapa nitakuwa mfupi. Chomoa soketi ya valvu na ya sensa zote mbili, tazama ndani. Oili ndani ya soketi, kutu ya kijani, plastiki iliyovunjika mdomo kiasi kwamba soketi haishiki: hayo ndiyo ya kawaida kwenye magari yanayotembea juu ya mawe yetu. Washa injini, tikisa waya kwa mkono, taa au mlio ukibadilika umepata. Sensa ya kamshafti ya 1ZZ-FE ikiwa baridi inasoma kati ya omu 835 na 1,400. Ya mama yule, ile iliyotolewa na kutupwa mfukoni, nilipoipima pale mezani ilikuwa katikati ya vipimo hivyo. Nilimrudishia aitunze, ni nzima.

Jiwe la lava chini ya injini

Kuna ugonjwa ambao vitabu vya watengenezaji haviupi nafasi, na sisi wa Goma tunaujua. Dereva mmoja wa RAV4, injini hiyo hiyo ya 1.8, alikuja na taa inayowaka akipanda kuelekea Kibumba tu. Mjini, kimya. Oili ilikuwa safi na kijiti kilisoma vizuri. Valvu ilijibu jaribio langu, ingawa kwa uvivu. Nikalala chini ya gari na tochi. Karteri, lile bakuli la oili, lilikuwa limebonyea katikati, alama ya jiwe ikionekana wazi na rangi imekwaruzika.

Ndani ya karteri kuna bomba la kunyonyea oili, na mdomo wake unakaa karibu sana na sakafu. Karteri ikibonyea pale, mdomo unabanwa. Oili ipo, hata kijiti kinaapa kwamba ipo, ila pampu inainyonya kama mtu anayekunywa kwa mrija uliobanwa kwa vidole. Mwendo wa polepole inatosha. Mlimani injini inapodai zaidi, haitoshi, na gia ya kamshafti ni ya kwanza kulalamika.

Hapo ndipo ninapotumia geji ya presha. Nafungua swichi ya presha ya oili, nafunga geji mahali pake, injini ikiwa moto. Kwa 1ZZ-FE kwenye ralanti isiwe chini ya kPa 29 (kPa ni kipimo cha presha), na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 294 na 539. Ile RAV4 ilipita kwenye ralanti na kushindwa kwenye 3,000. Tulishusha karteri, tukainyoosha kwa nyundo ya mpira kutoka ndani, tukasafisha kichujio cha bomba, tukairudisha kwa silikoni ya injini na kuiacha usiku mzima ikauke kabla ya kumimina oili. Ukikaa Ndosho, Majengo au popote barabara ni mawe matupu, lala chini ya gari lako mara moja kwa mwezi ukatazame. Tochi ya simu inatosha.

Cheni iwe ya mwisho

Cheni iliyorefuka ina sauti yake: asubuhi ukiwasha, sekunde chache za kwanza inasikika mkwaruzo wa chuma upande wa puli, kama mtu anavuta mnyororo ndani ya sufuria, kisha inatulia oili ikifika kwenye kikaza cheni. Ukisikia hivyo na oili ipo, kosa la cheni linawezekana.

Kuhakiki, fungua kifuniko cha valvu, zungusha kranki kwa spana kuelekea mwelekeo wa saa hadi alama ya puli ifike kwenye 0. Alama za gia za kamshafti zote mbili zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikiwa zimegeukia upande mwingine, ongeza mzunguko mmoja kamili wa kranki, utazame tena. Zikikaa nje ya mstari kwa jino zima, cheni imeruka. Zikiwa nje kidogo tu, cheni imerefuka, na inabadilishwa pamoja na kikaza chake na miongozo, si cheni peke yake. Kwenye 1ZZ-FE kikaza kinafunguliwa kutoka nje kwa nati mbili, na kwa sababu ni rahisi watu wanakichomoa kwa udadisi. Ukikichomoa usizungushe injini kabisa, cheni imelegea na itaruka mikononi mwako. Kama hujawahi kukirudisha na kukifyatua ipasavyo, mwachie anayejua.

Ile Premio

Sasa daftari la mama. Nilimjazia oili, nikafuta kosa, nikamwambia apime kila Jumamosi na asiruhusu mtu yeyote abadilishe chochote. Mistari yake mitano, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, ilionyesha kijiti kikishuka wiki kwa wiki: F, chini ya F kidogo, katikati, juu ya L, L. Chini ya gari hapakuwa na tone. Nikampeleka barabarani, tukashuka mteremko mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kisha nikakanyaga ghafla nikitazama kioo. Wingu la bluu likatoka nyuma.

Injini za 1ZZ-FE za kabla ya 2005 zinajulikana kwa jambo hili. Pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili, yanaziba, ringi za oili zinakwama, oili inapanda na kuungua. Toyota ilikuja kubadilisha pistoni hizo. Nilimweleza mama njia mbili: kufungua injini na kuweka pistoni za muundo mpya na ringi mpya, au kuishi nayo kwa kuongeza oili kabla haijashuka. Alitaka kujua bei zote mbili, nikamwandikia kwenye ukurasa wa sita wa daftari lile lile.

"Kwanza niishi nayo hivi, fundi," akasema. "Vitenge vikiuzwa vizuri, tutafungua."

Ana kidumu cha lita moja kwenye buti, kimefungwa kwa kamba ili kisidondoke. Anaongeza kidogo kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda soko la Virunga, anaandika. Miezi saba sasa, taa haijawaka. Vidanje ninamfanyia kila kilomita 4,000, na sensa yake ya zamani imo bado kwenye kabati la gari, ndani ya mfuko mweusi.